Kitabu Kisemacho Kisinyamaze kwa Kukosa Mtunzaji

Wasomaji wetu wengi wa Unguja na Pemba huijua Tunduma kwa sifa yake ya mpakani. Huko ndiko barabara kuu itokayo Dar es Salaam inakovuka na kuingia Nakonde, Zambia. Huko ndiko malori yaliyobeba shehena ya bandarini hupanga foleni. Na huko ndiko reli ya TAZARA inakoiaga ardhi ya Tanzania. Mkoa wa Songwe, ambao Tunduma ndio mji wake mkubwa, ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, na makao yake makuu yako Vwawa. Leo hatuna nia ya kuzungumzia shehena wala foleni. Tunakusudia kuzungumzia kifaa kidogo kinachoingia katika mfuko wa shati: mashine ya kusomea vitabu visemavyo, ambayo ni msaada mkubwa kwa ndugu zetu wasioona.

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza jambo la Songwe linamhusu nini. Linamhusu sana. Mashine hizi hutengenezwa nchi za mbali, huuzwa kwa bei isiyo ya mnyonge, na aghalabu hufika kwetu kwa njia ya msaada. Zikileta matatizo, anayeishi Itumba huko Ileje na anayeishi Micheweni huko Pemba wako katika hali moja: wote wawili wako mwisho wa njia, mbali na waliozitengeneza na mbali na waliozitoa. Hoja yetu ni kwamba mashine ya namna hii haijakamilika kutolewa mpaka awepo mtu wa karibu, ajulikanaye kwa jina na wadhifa, awezaye kuitunza programu yake. Pasipo mtu huyo, tumempa mwenzetu kitabu ambacho siku moja kitanyamaza mkononi mwake.

Kitabu kisemacho si jambo jipya. Nchini Uingereza vitabu vya namna hiyo vilianza kutolewa mwaka 1935 vikiwa katika santuri, na miongoni mwa waliokusudiwa kwanza walikuwa askari waliopoteza macho katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya santuri zikaja kanda, baada ya kanda zikaja sidii, na sasa vitabu vingi huhifadhiwa katika memori kadi moja isiyozidi ukubwa wa stempu ya barua. Kanda ilikuwa na kasoro kubwa: aliyetaka ukurasa wa mia alilazimika kuizungusha huku akibahatisha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Sweden walianza kazi ya kuiondoa kasoro hiyo, na mwaka 1996 maktaba za wasioona za nchi mbalimbali ziliunda umoja wa kuisimamia kanuni ijulikanayo kwa jina la DAISY. Kwa kanuni hiyo msikilizaji huruka kutoka sura hadi sura, huenda moja kwa moja kwenye ukurasa autakao, na huweka alama mahali alipoishia. Mwaka 2007 kampuni ya HumanWare ya Kanada ilitoa mashine ya mkononi iitwayo Victor Reader Stream, na mwaka 2013 ikatoa nyingine yenye uwezo wa kupokea intaneti bila waya. Kampuni ya Shinano Kenshi ya Japani nayo imetengeneza mashine za jina la Plextalk.

Kwa watu wetu kujifunza kwa sikio si ugeni. Katika vyuo vya Kurani mtoto asiyeona ameketi jamvi moja na wenziwe tangu zamani, akahifadhi kwa kusikiliza kama walivyohifadhi wao. Lakini jiografia, sheria na uraia ni masomo ya kurejea ukurasa mara kwa mara, na hapo kuhifadhi peke yake hakutoshi. Kitabu cha nukta nundu kina heshima yake na hakina mbadala katika kufundisha kusoma na kuandika. Ila ni kizito, kwani kitabu kimoja cha kiada hugeuka majuzuu kadhaa makubwa. Ndiyo maana kwa mwanafunzi anayesafiri kwa basi kutoka Mkwajuni hadi shule ya bweni iliyo mbali, mashine hii huwa kabati zima la vitabu.

Sasa natutazame ndani ya kabati hilo. Mna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo huendeshwa na programu iliyoandikwa katika kumbukumbu ya mashine yenyewe. Mafundi huiita famuwea. Programu hiyo si kitabu, wala haikai katika kadi ya vitabu. Ndiyo inayoiambia mashine isome kitufe hiki kikibonyezwa, na isimame kikibonyezwa kile. Ndiyo inayotambua aina za mafaili. Ndiyo inayotangaza kwamba betri inakaribia kwisha. Watengenezaji huirekebisha kila baada ya muda: hutibu hitilafu zilizogunduliwa, huiwezesha kusoma vitabu vya miundo mipya, na huiwezesha kuendelea kupokelewa na maktaba za intaneti pale maktaba hizo zinapobadili kufuli zao. Mashine isiyohuishwa haifi siku moja. Huanza kwa kukataa kitabu kipya, kisha hukatiwa mlango na maktaba, mwishowe mwenyewe huiweka kabatini akidhani imezeeka.

Lakini kuihuisha nako kuna hatari yake, na hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Kuhuisha ni kuifuta programu ya zamani na kuiandika mpya mahali pake. Msomaji wa Visiwani ataelewa haraka tukimpa mfano wa chombo. Jahazi likitaka kubadilishwa mbao za chini, huvutwa ufukweni maji yakitoka, likategemezwa kwa magadi, na mafundi wakafanya kazi wakijua kwamba maji yatarudi. Mashine iliyo katikati ya kuhuishwa ndiyo jahazi lililo juu ya magadi: ubao wa zamani umeng'olewa na mpya haujapigiliwa. Umeme ukikatika na betri haina nguvu, au mtu akichomoa kadi, maji yamejaa kabla ya wakati.

Lililo gumu zaidi ni ukimya. Mwenye macho anapoihuisha simu yake huona mstari ukijaa kidogo kidogo kwenye kioo, akajua kwamba kazi inaendelea. Asiyeona hana mstari huo. Mashine yake, ambayo sauti ndiyo uso wake, huweza kukaa kimya kwa dakika kadhaa wakati programu mpya inaandikwa. Kwa mtu ambaye hakuambiwa mapema, dakika tano za ukimya ni ndefu mno. Hudhani imekufa. Huibonyeza, huizima, huchomoa betri. Na kitendo hicho cha kutaka kuiokoa ndicho kinachoiua.

Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kueleza, kwa lugha ya kawaida, jinsi kazi hii ifanywavyo na vikwazo vinavyoizuia. Maelekezo ya mtengenezaji wa kila mashine ndiyo yanayotangulia. Haya yetu ni ya jumla.

Kwanza, ijulikane mashine ni ya toleo gani na programu yake ni ya namba ngapi. Mashine nyingi zina kitufe cha taarifa ambacho kikibonyezwa huitaja namba hiyo. Iandikwe kwenye daftari. Faili lililotengenezwa kwa toleo moja halifai kwa toleo jingine, hata kama mashine mbili hizo zinafanana mkononi.

Pili, yaliyomo katika kadi yanakiliwe kwenye kompyuta kabla ya jambo lolote. Kwa kawaida kuhuisha hakufuti vitabu. Lakini kadi huwa pia na sauti alizojirekodia mwenyewe darasani au mkutanoni, na hizo zikipotea hakuna duka zinakouzwa.

Tatu, ichunguzwe kadi yenyewe. Mashine nyingi za zamani husoma kadi zilizopangwa kwa mpango uitwao FAT32. Kadi zenye ukubwa unaozidi gigabaiti 32 hutoka dukani zikiwa na mpango mwingine, na mashine ikipewa kadi hiyo hutangaza kwamba haioni kadi yoyote. Mwenyewe hudhani mashine imeharibika kumbe ni nzima. Isitoshe, masokoni mna kadi bandia, zilizoandikwa ukubwa nje ambao ndani haumo. Kadi ndogo ya kuaminika yatosha kabisa kwa kazi hii.

Nne, faili la programu lipakuliwe kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si kutoka kwa mtu aliyelituma kwa simu. Likija limebanwa, lifunguliwe. Liwekwe mwanzo wa kadi, lisitumbukizwe ndani ya folda, isipokuwa kama maelekezo yanataka hivyo. Jina lake lisibadilishwe. Na hapa pana mtego, maana kompyuta ikilipakua faili lile lile mara ya pili huliongezea namba mwishoni mwa jina, na mashine huenda isilitambue tena. Mtandao ukikatika katikati ya kupakua, faili hubaki pungufu; kwa hiyo ukubwa wake ulinganishwe na ule uliotajwa na mtengenezaji.

Tano, umeme. Betri ijazwe kwanza, kisha chaja ibaki imechomekwa mpaka mwisho wa kazi. Zipo mashine ambazo hukataa kabisa kuanza pasipo chaja, na watu wengi hulalamika kwamba faili ni bovu ilhali waya tu haukuchomekwa. Betri iliyochoka, isiyokaa na chaji, ibadilishwe kwanza, kwa sababu umeme ukikatika betri ndiyo magadi ya jahazi letu.

Sita, subira. Kabla ya kuanza, mwenye mashine aambiwe atasikia nini, kimya kitakuwa cha muda gani, na kwamba asiguse kitu. Kazi ikiisha mashine hujizima au hujiwasha upya, na ikiwashwa hutaja namba mpya ya programu. Namba hiyo ilinganishwe na ile ya daftarini, kisha faili lifutwe katika kadi.

Na ikitokea mashine haikuamka, mtu asikate tamaa upesi. Mashine nyingi zina programu ndogo ya kuamshia ambayo haiguswi na kuhuisha. Kukishikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa, kuitoa betri na kuirudisha pale inapotoka, na kurudia kazi kwa kadi nyingine na chaja nyingine, ni hatua ambazo zimewahi kuziamsha mashine zilizodhaniwa zimekufa. Zikishindikana hizo, ndipo ipelekwe kwa mtengenezaji, na aliyeipeleka awe na daftari lenye namba zote.

Tunduma ina mambo yake ya ziada. Mashine za kisasa hupakua programu zenyewe kupitia intaneti, na wengi huzipa intaneti hiyo kwa simu ya mkononi. Karibu na mpaka simu huweza kudakwa na mnara wa upande wa Nakonde. Ishara yake ni saa ya simu kurudi nyuma kwa saa moja nzima, kwa kuwa saa za Zambia ziko nyuma ya zetu. Hapo bando la nyumbani halifanyi kazi, au salio huliwa kwa bei ya ugenini, na upakuaji hukatika njiani. Dawa yake ni kuiamuru simu ishike mtandao wa nyumbani tu, au kusogea mbali na mpaka kabla ya kuanza.

Tena Tunduma ina mafundi simu wengi na hodari, ambao vibanda vyao ni tegemeo la mji. Tunawaheshimu. Hata hivyo, mazoea yao ya kuiflashi simu iliyogoma yasihamishiwe kwenye mashine hizi kabla ya kusoma maelekezo. Simu moja ikiharibika, kuna nyingine kama hiyo kibanda cha pili. Mashine ya asiyeona huenda ikawa ni hiyo hiyo moja katika kata nzima.

Lipo pia suala la lugha. Kitabu kilichorekodiwa kwa sauti ya mtu hakina taabu. Kiswahili chake hutoka kama kilivyosomwa. Lakini mashine hizi huweza pia kusoma maandishi kwa sauti ya kompyuta, na nyingi huja na sauti za Kiingereza na lugha nyingine za Ulaya. Maandishi ya Kiswahili yakisomwa kwa sauti ya Kiingereza hugeuka vurugu isiyofahamika. Baadhi ya wenye mashine hungoja programu mpya wakitumaini kwamba itawaletea Kiswahili. Ni vyema wajue kwamba huenda isilete, na wasome maelezo ya mtengenezaji kwanza. Na ni vyema zaidi vyombo vyetu vya elimu viwaambie watengenezaji waziwazi kwamba lugha ya mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki inastahili sauti.

Hadi hapa baadhi ya viongozi watasema hili ni suala la mafundi. Hatukubaliani nao. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ikatungwa mwaka 2010. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana huko Marrakesh, Morocco, juu ya mkataba unaoruhusu vitabu vigeuzwe katika maumbo yanayowafaa wasioona na kuvushwa mipaka bila kikwazo cha hakimiliki. Mkataba huo ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, baada ya Kanada kuwa nchi ya 20 kujiunga. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018, na Tanzania mwaka 2020. Haki ya kitabu kuvuka mpaka imekwisha kupatikana. Lakini kitabu kilichovuka mpaka wa dunia nzima kikakwama mbele ya mashine yenye programu iliyopitwa na wakati, haki hiyo itakuwa imeishia kwenye karatasi.

Tena hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta mfano wa kufuata. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, ilifika Tunduma mwaka 1973 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976. Haikuletwa kama njia ya chuma peke yake. Ilijengwa pamoja na karakana zake Dar es Salaam na Mpika, na pamoja na mafunzo ya wananchi wa nchi mbili hizi ili waiendeshe. Waliopanga walijua kwamba kichwa cha treni kisicho na karakana ni chuma kitakachoota kutu.

Mwaka huo huo wa 1973 Taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa kusikiliza redio vijijini. Je, ni redio peke yake iliyowafundisha? Hasha. Kabla ya kipindi cha kwanza kusikika, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walikuwa wamekwisha kufundishwa, kila mmoja akakaa na wenzake, na vijitabu vikawa mkononi. Chombo cha kusikiliza kilizaa matunda kwa sababu kando ya kila chombo aliketi mtu aliyeandaliwa. Huo ndio urithi tunaouomba urejee, kwa kiasi kidogo zaidi na gharama ndogo zaidi.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo. Mkoa wa Songwe una halmashauri tano: Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Mji wa Tunduma. Kila moja imteue mtu mmoja, kwa makubaliano kati ya Afisa TEHAMA na Afisa Elimu Maalumu, awe mtunzaji wa mashine hizi. Awe na daftari la kila mashine iliyomo katika eneo lake: ya nani, toleo gani, programu namba ngapi, ilihuishwa lini, betri ikoje. Kazi hiyo haihitaji jengo jipya wala gari. Yahitaji kompyuta iliyopo, kadi mbili za kuaminika, chaja nzima, na siku moja katika kila robo ya mwaka.

Pili, anayepokea msaada wa mashine kwa niaba ya wananchi asitie saini mpaka aulize maswali matatu: betri ya akiba iko wapi, ni nani atafundishwa, na maelekezo yako katika lugha gani. Maelekezo ya kuhuisha yasomwe na mtu kwa Kiswahili fasaha, yarekodiwe, na yawekwe ndani ya kadi kama kitabu cha kwanza kabisa. Ni ajabu kumpa asiyeona mashine ya kusomea, kisha ukampa maelekezo yake kwenye karatasi.

Tatu, mashine ya mwanafunzi isihuishwe wiki ya mtihani, wala mwezi wa mtihani. Ihuishwe likizo, mapema, ili ikigoma pawe na nafasi ya kuitibu. Mwanafunzi aliyeingia chumba cha mtihani baada ya majuma mawili bila vitabu hakushindwa na somo. Ameshindwa na uzembe wa watu wenye macho.

Nne, wafundishwe wasioona wenyewe. Chama cha Wasioona Tanzania kipo tangu mwaka 1964, na Visiwani ipo Jumuiya ya Wasioona Zanzibar. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo tulizozitaja ambayo asiyeona mwenye kompyuta yenye programu ya kusoma kioo hawezi kuifanya kwa mikono yake. Programu moja mashuhuri ya namna hiyo, NVDA, hutolewa bure, na ilianzishwa nchini Australia na mtu asiyeona. Fundi bora wa mashine hizi ni yule azitumiaye kila siku, kwa kuwa yeye ndiye anayejua tofauti kati ya ukimya wa kazi na ukimya wa kifo.

Maafisa wa Unguja na Pemba wanaosoma safu hii nao wasingoje Songwe ianze. Wafungue makabati ya shule na ya ofisi za wilaya, wazitoe mashine zilizolala humo, wazichomeke kwenye chaja, na wasikilize. Nyingine zitakuwa zimekufa kweli. Lakini huenda nyingine zikawa zinangoja kadi iliyopangwa vizuri, faili lililo sahihi, na mtu mwenye subira ya dakika kumi.